Liganga: Chuma Kilichofungamana na Titani

Katika Wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe, kwenye milima inayoinuka upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa, yamo mashapo ya chuma ya Liganga, ambayo kwa miongo mingi yamekuwa yakitajwa kila inapozungumzwa habari ya Tanzania kuyeyusha chuma kutoka kwenye mwamba wake yenyewe badala ya kutegemea vyuma chakavu na bidhaa za nje. Kiasi kinachotajwa mara nyingi zaidi ni tani milioni 126 zilizothibitishwa, nacho ni kikubwa kiasi cha kumfanya msomaji adhani kwamba kilichobaki ni kupata fedha, barabara na umeme. Lakini hesabu ya tani, hata ikiwa sahihi kabisa, haijibu swali ambalo fundi wa tanuru hulitanguliza mbele ya mengine yote, yaani chuma hicho kimo ndani ya madini gani, kimeungana na elementi zipi, na chembe zake zina ukubwa gani. Sura hii inalishika swali hilo, kwa kuwa ugumu wa kiufundi wa Liganga unaanzia ndani ya fuwele ambazo jicho peke yake haliwezi kuziona.

Chuma ni miongoni mwa elementi zilizo nyingi sana katika ganda la dunia, nacho hupatikana karibu katika kila mwamba na kila udongo mwekundu, ila mahali pachache tu kimekusanyika kiasi cha kustahili kuitwa mbale, yaani mwamba ambao madini yake yanaweza kutolewa kwa faida. Mbale nyingi za chuma ni oksidi, maana yake chuma kilichoungana na oksijeni, na oksidi hizo ni chache na zinatambulika kwa urahisi. Hematiti, ambayo kwa uzito ina chuma asilimia 69.9 ikiwa safi, hutoa unga mwekundu kama damu iliyokauka inaposuguliwa kwenye kigae kisichong'arishwa, hata pale ambapo jiwe lenyewe ni jeusi na linang'aa. Goethiti, iliyo na maji ndani ya muundo wake, hutoa unga wa kahawia ya manjano na ndiyo inayotia rangi sehemu kubwa ya udongo wa tropiki. Magnetiti, ambayo ndiyo mhusika mkuu wa Liganga, ni nyeusi na unga wake pia ni mweusi, uzito wake ni zaidi ya mara tano ya uzito wa maji ya ujazo uleule, hunaswa na sumaku kwa nguvu, na ikiwa safi ina chuma asilimia 72.4, kiwango kinachozidi cha oksidi nyingine zote za chuma zinazochimbwa.

Kwa kipimo hicho peke yake magnetiti ingepaswa kuwa mbale bora kuliko zote, na katika nchi kama Sweden imekuwa hivyo kwa vizazi vingi. Tofauti inatokana na namna mashapo yalivyozaliwa. Sehemu kubwa ya chuma kinachotumika duniani leo hutoka kwenye mashapo ya kale yaliyotuama chini ya bahari, mengi yake zaidi ya miaka bilioni 1.8 iliyopita, wakati maji ya bahari yalipobeba chuma kilichoyeyuka na chuma hicho kikageuka oksidi na kutua tabaka juu ya tabaka, kikipishana na tabaka za silika. Maeneo ya Hamersley huko Australia na Carajás huko Brazil ni ya asili hiyo, na miaka mingi ya mvua na hewa imeosha silika yake na kubakiza hematiti yenye chuma kingi na uchafu kidogo. Liganga haikupita njia hiyo. Chuma chake kilitoka moja kwa moja ndani ya mwamba ulioyeyuka, yaani magma, chini sana ya uso wa nchi, na magma haikuwa na njia ya kukichuja chuma kikabaki peke yake.

Miamba inayoizunguka Liganga ni sehemu ya Ukanda wa Ubende, mfululizo wa miamba geu, yaani miamba iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, unaoambaa upande wa magharibi na kusini-magharibi wa Tanzania kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Ukanda huu uliundwa kwa hatua mbalimbali takriban kati ya miaka bilioni 2.1 na bilioni 1.8 iliyopita, wakati vipande vya mabara ya kale vilipogongana kwenye ukingo wa kiini kigumu cha Tanzania, ambacho ni kikongwe zaidi. Mistari ya udhaifu iliyoachwa na migongano hiyo haikufa, kwa maana Bonde la Ufa, lililoanza kufunguka baadaye sana, limefuata kwa sehemu kubwa nyufa hizohizo, na kwa hiyo bonde la Ziwa Nyasa na milima ya Ludewa, ijapokuwa umbo lake ni changa, vinatii ramani iliyochorwa kabla ya kuwepo mnyama au mmea wowote juu ya nchi kavu.

Ndani ya ukanda huo, katika eneo la Upangwa, kumeingia miamba ya jamii ya gabro na anothositi. Gabro ni mwamba mzito wa rangi ya giza uliopoa polepole kutoka kwenye magma iliyo maskini wa silika, na anothositi ni ndugu yake wa ajabu, mwamba mweupe au wa kijivu ambao zaidi ya asilimia 90 yake ni madini ya aina moja tu, yaani plagioklesi, ambayo ni silika iliyoungana na alumini, kalisi na sodi. Anothositi ndiyo inayofanyiza nyanda nyeupe za mwezi zinazoonekana kwa macho usiku, lakini hapa duniani mikusanyiko yake mikubwa karibu yote ni ya enzi ya kati ya historia ya sayari hii, na mara nyingi palipo na anothositi ya enzi hiyo hupatikana pia oksidi za chuma na titani. Tellnes huko Norway na Lac Tio katika jimbo la Quebec, Canada, ni mifano miwili mashuhuri, na zote mbili huchimbwa kwa ajili ya titani.

Sababu ya urafiki huo kati ya mwamba mweupe na mbale nyeusi inaeleweka kwa kiasi kikubwa. Magma inapotuama chini ya ganda la dunia na kuanza kupoa, plagioklesi ni miongoni mwa madini yanayoganda mapema, na kwa kuwa katika mgandamizo mkubwa fuwele zake ni nyepesi kuliko magma inayozizunguka, huelea na kujikusanya juu. Fuwele hizo hazina nafasi ya kuhifadhi chuma wala titani isipokuwa kidogo mno, kwa hiyo kadiri zinavyozidi kuganda ndivyo magma inayobaki inavyozidi kushiba elementi hizo mbili, mpaka hufika wakati ambapo haiwezi tena kuzibeba. Kuhusu kinachofuata wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaoshikilia kwamba fuwele za magnetiti na za ilmeniti, ambayo ni oksidi ya chuma na titani, huganda zenyewe na, kwa uzito wake, huzama na kutandazika chini ya chumba cha magma, na wapo wanaosema kwamba magma iliyobaki hugawanyika kuwa vimiminika viwili visivyochanganyika, kimoja chenye silika nyingi na kingine chenye chuma, titani na fosfori, na kimiminika hicho kizito ndicho kinachopenya kwenye nyufa na kuganda kikiwa mbale. Maelezo ya kwanza yanafaa zaidi pale ambapo mbale imelala tabaka kwa tabaka, kama ilivyo katika eneo la Bushveld huko Afrika Kusini, na ya pili hupata nguvu pale ambapo mbale imekaa katika mabonge na vipande vikubwa vilivyojipenyeza ndani ya anothositi. Katika mwamba uliokwishakunjwa na kupashwa moto upya, kama wa Ubende, alama za mwanzo zimefutika kwa sehemu, na ni busara kutodai uhakika kuliko ule ambao mwamba wenyewe unaruhusu.

Kwa mtu anayetembea juu yake, mbale ya namna hii hujitambulisha kwanza kwa uzito na kwa rangi. Magnetiti huvumilia mvua na jua kuliko plagioklesi, ambayo huoza na kuwa udongo mweupe wa mfinyanzi, na kwa hiyo mwamba unaoizunguka mbale hulika na mbale hubaki imesimama kama kilima au kama mawe meusi yaliyotapakaa kwenye mteremko. Ngozi ya nje ya mawe hayo huwa imeanza kugeuka hematiti, kwa kuwa oksijeni ya hewani huingia na kuubadili muundo wa magnetiti bila kulivunja umbo la fuwele, na hii ndiyo sababu jiwe moja linaweza kutoa unga mwekundu likikwaruzwa nje na unga mweusi likipasuliwa ndani. Dira ikiletwa karibu hupotoka, na wapimaji wa miamba hutumia udhaifu huo wa dira kwa faida yao, kwa kupita juu ya ardhi au kurusha ndege wakiwa na vipimo vya sumaku ili kuchora umbo la mbale iliyofichika chini ya udongo. Yapo pia mawe machache ya magnetiti ambayo yenyewe ni sumaku kamili, yenye uwezo wa kuinua msumari, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba radi iliyopiga kilele cha mwamba ndiyo iliyoyatia nguvu hiyo, kwa kuwa mkondo mkali wa umeme huzipanga sehemu za sumaku za jiwe zielekee upande mmoja.

Uchunguzi wa dhati, hata hivyo, hufanyika maabara, ambako kipande cha mbale hukatwa, hugandishwa ndani ya gundi ngumu, hung'arishwa mpaka kiwe kama kioo, kisha huwekwa chini ya hadubini inayotumia mwanga unaoakisiwa, kwa kuwa oksidi hizi hazipitishi mwanga hata zikikatwa nyembamba kiasi gani. Kinachoonekana kwanza ni uwanda wa kijivu chenye wekundu wa mbali, ambao ni magnetiti. Mtazamaji akisubiri jicho lizoee na kuigeuza meza ya hadubini taratibu, uwanda huo huanza kuonekana umepitiwa na mistari myembamba iliyonyooka, yenye kijivu kilichokolea zaidi na inayobadilika mng'ao kadiri meza inavyozunguka, na mistari hiyo hukatana kwa pembe zilezile kila mahali, kama chane za ukindu zilizosukwa mkekani. Hiyo mistari ni ilmeniti. Baadhi yake ina upana wa mikroni chache, yaani sehemu chache za elfu za milimita, na mingine ni myembamba kuliko hapo.

Ili kuelewa mistari hiyo ilivyofika pale, inabidi kuingia ndani zaidi, mpaka kwenye mpangilio wa atomu. Magnetiti imejengwa kwa atomu nne za oksijeni kwa kila atomu tatu za chuma, na kati ya hizo tatu moja ina chaji chanya mbili na mbili zina chaji chanya tatu. Atomu ya titani, yenye chaji chanya nne, inakaribiana kwa ukubwa na atomu ya chuma cha chaji tatu, kwa hiyo katika joto kali inaweza kukaa kwenye nafasi yake, mradi atomu nyingine ya chuma ipunguze chaji yake kutoka tatu hadi mbili ili hesabu ya umeme ibaki sawa. Mabadilishano hayo yakikamilika hupatikana madini yaitwayo ulvospineli, ambayo chuma chake ni asilimia 50 tu na hayana nguvu ya sumaku katika joto la kawaida. Kwenye nyuzijoto zaidi ya 600 hivi magnetiti na ulvospineli huchanganyika kwa kiwango chochote na kuwa fuwele moja, inayoitwa titanomagnetiti, na ndani ya magma hakuna kinachoilazimisha titani itoke.

Mwamba unapopoa, nafasi ndani ya fuwele hubana na mchanganyiko huo hauwezi kudumu. Ikiwa hakuna oksijeni ya ziada, ulvospineli hujitenga katika vijiti vidogo mno. Lakini ikiwa oksijeni kidogo inapatikana, mara nyingi kutokana na maji yanayopenya katika mwamba wenye joto bado, sehemu ya ulvospineli hugeuka kuwa magnetiti na ilmeniti, na ilmeniti hiyo, ambayo ni chuma kimoja, titani moja na oksijeni tatu, hujipanga katika bapa nyembamba kufuata pande za oktahedroni ya fuwele mama, kwa kuwa huko ndiko mpangilio wa oksijeni zake unakolingana na wa jirani yake. Atomu zilizo ndani ya jiwe gumu husafiri polepole, na kwa hiyo unene wa bapa hizo ni kumbukumbu ya kasi ya kupoa, kwa maana mwamba uliopoa kwa muda mrefu hutoa bapa nene na ule uliopoa haraka hutoa nyembamba. Katika mbale zilizopashwa moto upya na mikunjo ya milima, sehemu ya ilmeniti huhamia mipakani mwa fuwele na kufanya punje kamili zenye umbo lake, na alumini na magnesi zilizokuwa zimejificha ndani ya magnetiti hutoka nazo zikiwa spineli za rangi ya kijani kibichi iliyoiva. Kwa hiyo jiwe moja linaweza kuwa na titani katika makazi matatu tofauti: punje za pembeni, bapa za ndani, na ile iliyobaki imeyeyuka katika magnetiti yenyewe.

Umuhimu wa makazi hayo unaonekana vizuri ukilinganishwa na pwani ya Kenya. Huko Kwale, ambako uchimbaji mkubwa wa madini ya titani ulianza mwaka 2013 na kumalizika mwishoni mwa mwaka 2024, ilmeniti ilikuwa mchanga, punje zilizokwishaachanishwa na mwamba wake na mito ya kale na mawimbi, na kazi ya kiwanda ilikuwa kuzitenga punje nzito na nyepesi kwa maji, kisha kuzipambanua kwa sumaku na umeme. Liganga kazi hiyo haijafanywa na maumbile. Mbale ikisagwa mpaka iwe unga laini, punje za ilmeniti zilizokuwa pembeni huachana na magnetiti na zinaweza kutengwa, ila bapa za ndani haziachani, kwa kuwa kusaga hadi chini ya unene wa mikroni chache kungegharimu umeme mwingi kuliko thamani ya kinachopatikana, na unga mwembamba hivyo hauna adabu katika mitambo ya kutenganishia. Titani iliyoyeyuka ndani ya magnetiti haiwezi kutengwa na kinu chochote. Kwa hiyo makinikia ya chuma yatokanayo na mbale ya namna hii, hata yakichujwa kwa sumaku mara ngapi, hubaki na titani.

Mbale ngumu ya Liganga, kwa vipimo vinavyojulikana, karibu nusu ya uzito wake ni chuma, zaidi ya sehemu kumi katika mia ni oksidi ya titani, na oksidi ya vanadi haifikii sehemu moja katika mia. Hiyo ya mwisho haipaswi kudharauliwa. Vanadi katika mbale hii haina madini yake yenyewe yanayoonekana, bali imechukua nafasi ya chuma cha chaji tatu ndani ya magnetiti, mahali inapotoshea kwa ukubwa na kwa chaji, na ndiyo maana huifuata magnetiti popote iendako na kuiacha ilmeniti. Kiasi kidogo sana cha vanadi kikiongezwa kwenye chuma cha pua huzifanya chembe zake ziwe ndogo na nondo za ujenzi ziwe imara zaidi, na katika miaka ya karibuni imepata kazi mpya katika betri kubwa za kimiminika zinazohifadhi umeme wa jua na upepo. Si jambo la kutia chumvi kusema kwamba thamani ya Liganga inaweza kuamuliwa na elementi hii ambayo wasemaji wengi wa mradi huitaja mwishoni.

Tatizo la titani tanuruni si geni kwa mafundi wa Afrika Mashariki. Katika milima ya Upare wahunzi na wayeyushaji, ambao miongoni mwao ukoo wa Washana ndio unaotajwa zaidi, walikusanya mchanga mweusi wa magnetiti uliooshwa na vijito baada ya mvua, na mchanga huo ulikuwa na titani pia. Walifaulu kwa sababu tanuru zao za udongo, zilizowashwa kwa makaa ya miti na kupulizwa kwa mivukuto, hazikukusudiwa kukiyeyusha chuma kabisa. Katika joto la nyuzi 1,200 hivi oksijeni ilitolewa na chuma kikabaki bonge gumu lenye vinyweleo, huku uchafu wote, titani ikiwemo, ukitiririka pamoja na sehemu kubwa ya chuma ambacho hakijapoteza oksijeni yake. Chuma hicho kilichopotea ndicho kilichoyafanya mavi ya chuma, yaani uchafu huo ulioyeyuka, yawe mepesi kutiririka. Walilipa kwa chuma ili wapate chuma, na kwa mahitaji ya majembe, mikuki na mashoka malipo hayo yalistahili. Ni ujuzi wa kikemia uliopatikana kwa macho na mikono, nao unastahili kuandikwa katika historia ya teknolojia ya eneo hili kwa heshima ileile wanayopewa wavumbuzi wa viwandani.

Tanuru refu la kisasa haliwezi kulipa gharama hiyo, kwa kuwa lengo lake ni kutoa karibu chuma chote kikiwa kimiminika. Humo makaa yaliyookwa yakawa koki hushikilia uzito wa mbale na chokaa, hewa ya moto hupulizwa kutoka chini, na joto hufika nyuzi 1,500 na kupita, kwa hiyo mavi yake huwa na chuma kidogo sana na titani huongezeka kwa wingi ndani yake. Katika hali hiyo ya ukosefu wa oksijeni sehemu ya titani huungana na kaboni ya koki na naitrojeni ya hewa na kufanya kabidi na nitridi, vitu ambavyo haviyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2,900, na chembe zake ngumu hujaa ndani ya mavi yaliyoyeyuka na kuyaongezea mnato mpaka yakatae kutoka kwenye mdomo wa tanuru. Sifa hiyohiyo ina manufaa ikitumiwa kwa kipimo, kwa kuwa viwanda vingi vya chuma huongeza kwa makusudi mbale kidogo yenye titani ili ngozi ngumu ya kabidi ijijenge juu ya matofali yaliyoliwa chini ya tanuru. Dawa ikizidi huwa maradhi.

Nchi tatu zimepata njia, kila moja yake. Huko Panzhihua, katika jimbo la Sichuan nchini China, chuma cha kwanza kilitolewa mwaka 1970 baada ya majaribio marefu ya kurekebisha tanuru refu, kwa kuchanganya mbale yenye titani na mbale nyingine, kudhibiti joto na kupunguza muda ambao mavi hukaa tanuruni. Huko Witbank, Afrika Kusini, kiwanda cha Highveld kiliiacha njia ya koki kabisa mwishoni mwa miaka ya 1960, kikaipasha mbale ya Bushveld pamoja na makaa ya mawe ya kawaida katika tanuru linalozunguka, na kumalizia kuyeyusha kwa umeme, ambako fundi anaweza kuamua kiasi cha oksijeni kinachobaki. Kipindi hichohicho kiwanda cha Glenbrook huko New Zealand kilianza kutumia mchanga mweusi wa pwani, wenye titanomagnetiti, kwa utaratibu wa aina hiyo. Kwa njia hizi vanadi huingia ndani ya chuma kilichoyeyuka, kisha hutolewa kwa kupuliza oksijeni, kwa kuwa yenyewe huungua kabla chuma hakijaungua kwa wingi na kuelea juu ikiwa mavi machache yenye thamani kubwa, ambayo huchomwa pamoja na chumvi ya sodi na kuyeyushwa kwa maji.

Makaa ya mawe yapo wilayani Ludewa vilevile, huko Mchuchuma, katika miamba ya Karoo iliyotuama ndani ya bonde la Ruhuhu zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, na kiasi kinachotajwa ni tani milioni 428. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda kutoka China, shirika likiwa na asilimia 20, kwa kusudi la kuziunganisha hazina hizo mbili ili makaa yazalishe umeme na kuisaidia mbale kuwa chuma. Ujirani huo ni bahati ya kweli, na kwa upande wa madini unaelekeza kwenye njia ya tanuru la kuzunguka na umeme kuliko kwenye tanuru refu, kwa sababu makaa ya Karoo ya Afrika Mashariki kwa kawaida yana majivu mengi na si yote yanayofaa kuokwa koki, ilhali tanuru la kuzunguka halidai koki.

Njia hiyo nayo ina mzigo wake, na mzigo huo ni titani yenyewe. Mavi yatokanayo na kuyeyusha ilmeniti safi, kama yanavyofanywa huko Richards Bay, Afrika Kusini, huwa na oksidi ya titani karibu asilimia 85 na huuzwa kwa viwanda vya rangi nyeupe, lakini mavi yatokanayo na titanomagnetiti huchanganyika na chokaa, magnesia, alumina na silika, na huko Highveld kiwango cha titani kilikuwa karibu theluthi moja tu, kidogo mno kwa viwanda hivyo na kingi mno kwa viwanda vya saruji, kwa hiyo yakarundikwa. Kwa kila tani milioni moja za mbale ya Liganga zitakazoyeyushwa, zaidi ya tani 100,000 za oksidi ya titani zitatafuta pa kwenda, na uamuzi wa kusaga kwanza ili punje za ilmeniti za pembeni zitengwe kabla ya tanuru, hata kama bapa za ndani zitabaki, ndio utakaopunguza rundo hilo. Vipimo vinavyohitajika kwa uamuzi huo si vya gharama kubwa: sampuli kutoka kila sehemu ya mashapo zisagwe kwa viwango mbalimbali vya ulaini, zipitishwe kwenye sumaku ndani ya mrija wa maji, na titani ipimwe pande zote mbili, katika unga ulionaswa na katika ule ulioachwa, ili ijulikane ni wapi katika Liganga ilmeniti imekaa pembeni na ni wapi imesukwa ndani.